Peni nyekundu haisemi kwa nini

"The man whom I saw him yesterday is my uncle."

Sentensi hiyo niliikuta kwenye daftari la mpwa wangu, binti wa kidato cha pili aliyekuja kwetu kumalizia likizo ya Juni. Mwalimu alikuwa ameipiga mstari mwekundu kutoka mwanzo hadi mwisho na kuweka alama ya kosa pembeni, kubwa, iliyokaribia kuchana karatasi. Hakuandika neno lolote zaidi.

"Mjomba, kosa liko wapi?" akaniuliza. "Nimeisoma mara kumi, naiona sawa tu."

Nikamwambia aisome kwa Kiswahili. "Mtu ambaye nilimwona jana ni mjomba wangu." Nikamwuliza, hiyo "m" iliyo katikati ya "nilimwona" ni nani? Akainamisha kichwa, akahesabu herufi kwa kidole. "Ni huyo huyo mtu." Basi, huyo ndiye "him". Kwetu lazima akae pale. Ukimng'oa ukasema "mtu ambaye niliona jana", sentensi inachechemea. Waingereza wao wameshampa "whom" kazi hiyo, na hawataki watu wawili wakalie kigoda kimoja. Mtoto alikuwa amefuata sarufi barabara, ila sarufi ya lugha nyingine. Na hilo hakuna aliyemwambia.

Nimeishi na Kiingereza cha kuandika kwa zaidi ya miaka ishirini, kwanza kama mwanafunzi, halafu kama mtu anayelipwa kuandika ripoti kwa lugha ambayo hakuipata kwa mama yake. Kadiri miaka inavyokwenda ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba makosa yetu mengi katika Kiingereza ni Kiswahili kizuri kilichovaa nguo za watu. Anayetaka kuyaondoa inabidi kwanza akijue Kiswahili chake, akikodolee macho, ajue kinafanya nini na kwa nini. Ajabu ni kwamba shuleni tulifundishwa kinyume chake: tukisahau Kiswahili mlangoni kama viatu vya msikitini.

Wengi wa rika langu tunaijua safari hiyo. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 shule za msingi za serikali Tanzania zinafundisha kwa Kiswahili. Unamaliza darasa la saba ukijua sehemu za ua na mfumo wa mmeng'enyo kwa majina yake yote. Unaingia kidato cha kwanza, na ua lile lile linaanza kuzungumza nawe kwa lugha usiyoifahamu. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kiendelee hadi sekondari. Serikali haikukubali. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Uingereza, Criper na Dodd, wakazunguka shule zetu na kuandika kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi hakikuwa kimefikia kiwango cha kuwawezesha kusomea masomo mengine. Mjadala huo haujaisha hadi leo, na mimi leo siuingii. Ninachotaka kusema ni kidogo na cha karibu zaidi: kuhusu kalamu.

Nilimaliza kidato cha nne nikiwa na kaunta buku za kutosha kujaza sanduku la bati. Historia, jiografia, bayolojia, uraia. Zote zimeandikwa Kiingereza, kwa mwandiko wangu mwenyewe. Siku moja nilipozifungua tena niligundua jambo lililonishtua. Katika kurasa zote zile hapakuwa na aya hata moja niliyoitunga mimi. Zilikuwa notisi. Kiranja wa darasa alisimama ubaoni na daftari la mwalimu, akaandika, sisi tukakopi mpaka mkono unakufa ganzi. Miaka minne ya kuandika Kiingereza kila siku, na nilikuwa sijawahi kuandika Kiingereza.

Baada ya hapo nikafanya walichofanya wengine. Nilinunua kitabu cha sarufi chenye jalada la buluu kwa wauza vitabu vya mitumba, wale wanaotandaza chini pembeni mwa barabara, nikajaza nafasi zilizoachwa wazi kuanzia zoezi la kwanza hadi la mwisho. "She ___ to school every day." Nikaweka "goes". Nilipata karibu zote. Wiki iliyofuata nikaandika barua ya kuomba ruhusa kazini na kwenye mstari wa pili nikaandika "my mother live in Morogoro". Kitabu hakikuwa na kosa lolote. Mazoezi ya kujaza nafasi yanakuonyesha shimo lilipo, yanakuuliza tu utie nini ndani. Ukiandika mwenyewe hakuna anayekuonyesha shimo. Unatembea gizani, na shimo unalijua ukishatumbukia.

Na hiyo "s" ya "lives" ni jambo la kuchekesha ukiitazama kwa macho ya Mswahili. Sisi tunasema "kitabu kizuri kimepotea, vitabu vizuri vimepotea, mti mzuri umeanguka, maji mazuri yamemwagika", tunabeba upatanisho wa ngeli zaidi ya kumi kila tufunguapo mdomo, wala hatutoki jasho. Kisha Kiingereza kinatuomba herufi moja tu, kwa mtu mmoja tu, tena katika wakati uliopo, nasi tunaisahau. Nadhani ni kwa sababu tumezoea alama za upatanisho zije mbele ya neno. Ile inachungulia nyuma, ndogo kama kiroboto.

Vineno "a" na "the" ndivyo huwatesa watu zaidi. Walimu wengi husema Kiswahili hakina kitu kama hicho, kwa hiyo mwanafunzi akariri tu. Si kweli kabisa kwamba hatuna. Sikiliza: "Nimenunua kitabu." "Nimekinunua kitabu." Mzungumzaji yeyote wa Kiswahili anasikia tofauti. Katika sentensi ya kwanza ni kitabu chochote kile, hukuwahi kukisikia. Katika ya pili ni kile tulichokuwa tukikizungumzia, kile ulichonituma. Ya kwanza ni "a book", ya pili ni "the book". Kazi anayoifanya "the" mbele ya nomino, sisi mara nyingi tunaifanya kwa "ki" tuliyoichomeka ndani ya kitenzi. Kanuni hii haifiki kila mahali. Kwa watu na wanyama tunachomeka "m" hata kama hatuwajui, na Waingereza nao wana ukaidi wao wa kusema "the sun" lakini "Mars" bila chochote. Ila nilipomweleza hivi mpwa wangu, kwa mara ya kwanza aliacha kubahatisha. Akawa anajiuliza: hapa kwa Kiswahili ningechomeka "ki"?

Njeo ni pori lenyewe. Tulifundishwa kwamba "me" ni "has" au "have". Sasa chukua "amefika", "amelala", "amechoka", "amevaa suti", "amesimama mlangoni". Hizo ni "me" tano. Mwingereza ataanza na "has arrived", halafu atakwambia "is asleep", "is tired", "is wearing", "is standing". Kati ya tano, moja tu ndiyo "has". Kwetu "me" inabeba tendo pamoja na hali iliyobaki baada ya tendo: amevaa, na nguo bado iko mwilini. Asiyelijua hilo ataandika "she has worn a blue dress" akimaanisha dada aliyesimama mbele yake na gauni la buluu. Tena sisi husema "nimekuja jana" bila haya, lakini "I have come yesterday" kwa Mwingereza ni sawa na kuvaa kanzu na kandambili za chooni.

Mengine nayataja harakaharaka. "Niko sokoni, naenda sokoni, natoka sokoni": "ni" yetu moja inatosha, wao wanataka "at", "to", "from", na usipoangalia "in". "Taarifa" ni taarifa iwe moja au mia, ndiyo maana tunaandika "informations" tukitaka kuonyesha wingi ambao lugha yao imekataa kuuhesabu. "Niazime kalamu" na "naomba kuazima kalamu" ni kitenzi kimoja kwa mtoaji na mpokeaji, basi kila darasa lina mtoto anayesema "borrow me your pen". Ukimwuliza mtu "hujala?" naye hajala, kwa Kiswahili anajibu "ndiyo"; akijibu "yes" kwa Mwingereza, atakaa na njaa.

Saa nayo ilinipata mimi binafsi. Miaka ya mwanzo kazini nilimwandikia mgeni kutoka nje kumpangia kikao saa tatu asubuhi. Nikaandika kwa kujiamini, "three o'clock in the morning". Akajibu kwa adabu kubwa akiuliza kama kweli ofisi yetu huwa wazi saa tisa za usiku.

Dawa niliyoipata ni ya zamani sana, na aliyeniponya hakuwa mwalimu wa Kiingereza. Roger Ascham alikuwa mwalimu wa Elizabeth wa Kwanza kabla binti huyo hajawa malkia wa Uingereza. Kitabu chake cha malezi ya shule, "The Scholemaster", kilichapishwa mwaka 1570, yeye akiwa ameshafariki. Wakati huo Waingereza wenyewe walikuwa ndio wanaohangaika: lugha ya elimu ilikuwa Kilatini, nao walikichapia kama sisi tunavyokichapia chao. Ascham hakupenda viboko wala kukariri kanuni kavu. Alisema mtoto apewe kipande cha Cicero, mwandishi wa Kilatini, akitafsiri kwa Kiingereza kwenye daftari moja. Kisha aache, angalau kwa saa moja. Halafu achukue Kiingereza chake mwenyewe na kukirudisha katika Kilatini kwenye daftari jingine, bila kuchungulia. Mwisho mwalimu aweke Kilatini cha mtoto kando ya kile cha Cicero, na wasome pamoja.

Karibu miaka 150 baadaye, kijana wa kiwanda cha kupiga chapa huko Boston alifanya jambo la jamaa hiyo peke yake. Benjamin Franklin aliacha shule akiwa na miaka kumi. Alinunua juzuu la gazeti la London liitwalo "The Spectator", akasoma makala, akaandika vidokezo vifupi vya kila sentensi, akaviweka kando kwa siku kadhaa. Baadaye akaijenga upya makala nzima kutokana na vidokezo vile, kwa maneno yake, kisha akailinganisha na ile ya gazeti na kusahihisha makosa yake. Kiingereza kilikuwa lugha yake ya nyumbani, na bado aliona anahitaji zoezi hilo.

Sisi tuna wa kwetu pia. Julius Nyerere alizaliwa kwenye Kizanaki. Kiswahili na Kiingereza vyote alivipata baadaye. Mwaka 1963, akiwa ameshika nchi changa mkononi, alitoa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar. Mwaka 1969 akaitoa tena, ameipitia upya na kuibadilisha hata jina, "Juliasi Kaizari", pamoja na tafsiri ya tamthilia nyingine ya Shakespeare, "Mabepari wa Venisi". Mtu anayerudia tafsiri yake baada ya miaka sita, na ikulu ina kazi zake, ameonja kitu ndani ya kazi hiyo. Nadhani ni kile anachokionja yeyote anayetafsiri: huwezi kuruka neno. Ukisoma unaweza kupita juu ya "had" kama unavyopita juu ya kokoto. Ukitafsiri, kokoto inaingia kiatuni.

Basi likizo ile tulijaribu, mimi na mpwa wangu, barazani jioni baada ya vyombo. Niliandika sentensi moja ya Kiingereza: "The old woman sold the goat she had raised from a kid, and with the money she bought her grandson a uniform." Akaitafsiri vizuri sana: "Yule bibi kizee alimuuza mbuzi aliyemlea tangu akiwa mdogo, na kwa pesa hizo akamnunulia mjukuu wake sare." Nikaificha karatasi yangu. Kesho yake jioni akarudisha Kiswahili chake katika Kiingereza. Hiki ndicho alichoandika:

"That old woman sold the goat which she raised him since he was small, and by that money she bought for his grandson uniform."

Tukaziweka karatasi mbili kando kwa kando. Sikushika peni nyekundu. Nikamwambia atafute mwenyewe palipotofautiana, na kila palipotofautiana arudi kwenye Kiswahili chake aone mwizi alipita wapi. "Him" akaikamata mara moja, alikuwa ameshamfahamu. "His grandson" ilimchukua muda, hadi akacheka: "wake" ni "wake" tu, haisemi kama bibi ni mwanamke. "Uniform" ilikosa "a" kwa kuwa "sare" imesimama peke yake na haina pa kuchomeka kitu. "By that money" ilitoka kwenye "kwa", neno letu la kazi nyingi kama kisu cha jikoni. "That old woman" ni "yule" yetu ya masimulizi, nikamwambia hiyo si kosa, ni ladha tu.

Iliyobaki ilikuwa "had raised". Hapo tulikaa. Kwa Kiswahili "alimuuza" na "aliyemlea" zote hazikumsumbua, kwa sababu akili ya msikilizaji inajua malezi yalitangulia mauzo. Mwingereza anataka ngazi ionekane: lililopita, na lililopita kabla ya hilo. Kitabu changu cha jalada la buluu kilikuwa na mazoezi mengi ya "had", nami niliyamaliza yote. Yeye aliielewa kwa mbuzi mmoja.

Zoezi hili halina gharama. Linataka aya moja, sentensi nne au tano, kutoka kwenye maandishi yaliyo safi: habari ya gazeti, kitabu cha hadithi, hata maelezo ya dawa. Linataka Kiswahili chako kiwe Kiswahili kweli, maana ukitafsiri neno kwa neno umejiachia alama za kukurudisha nyumbani na hujajifunza kitu. Na linataka usiku upite katikati. Ascham alisema saa moja, lakini watoto wake hawakuwa na simu.

Nikitaja simu, najua msomaji anauliza: programu za kusahihisha zipo, siku hizi zinaandika hata barua nzima, ya nini jasho lote hili? Nazitumia. Zinafanya kazi ya ile peni nyekundu kwa kasi na kwa upole zaidi, zinafuta "him" kabla hujaiona. Mpwa wangu akiandikiwa na simu, kesho "him" itakuwepo tena, na kwenye chumba cha mtihani simu hairuhusiwi. Anayeamua kuzitumia aandike kwanza mwenyewe, aiombe simu imwonyeshe tofauti, kisha akae nazo kama tulivyokaa na mbuzi.

Kifaa ninachokisifia kuliko simu ni kamusi, tena si ile ya Kiingereza kwa Kiswahili, ingawa nayo iwepo. A. S. Hornby alikuwa Mwingereza aliyefundisha Japani, na huko aliona kwamba mwanafunzi akishajua maana ya neno bado hajui neno hilo linaishije na wenzake. Yeye na wenzake wawili wakatunga kamusi kwa ajili ya wanafunzi, ikachapishwa Tokyo mwaka 1942, na Oxford wakaitoa tena mwaka 1948. Watoto wake ndio kamusi nene tunazoziona maktabani. Ndani yake kila nomino ina alama ya kama inahesabika au haihesabiki, na kila kitenzi kina mifano ya kinavyobeba mizigo yake. Aliyeifungua kwenye "information" hataandika wingi tena. Watu wengi wanayo, wanaitumia kutafuta maana na kuifunga.

Kuna jambo ambalo kamusi haikusaidii, nalo ni adabu. Barua zetu za kazi kwa Kiingereza hufunguka na "refer to the heading above", kwa sababu Kiswahili cha ofisini hufunguka na "husika na kichwa cha habari hapo juu". Hufunga kwa unyenyekevu wa mtu anayerudi kinyumenyume kutoka mbele ya sultani. Mwingereza wa leo huandika anachotaka kwenye mstari wa kwanza, na sisi tukimsoma tunamwona hana malezi. Vivyo hivyo "pole". Mwenzako amejikwaa, unamwambia "sorry", naye anakutazama akijiuliza ulimwekea jiwe wewe. Haya huyapati kwenye kanuni. Unayapata kwa kusoma barua nyingi za watu wengine.

Tuna msemo wa kumcheka mtu, kwamba Kiingereza chake ni cha kuombea maji. Upande wa pili tunamsifu anayemwaga ung'eng'e bila kituo. Misemo yote miwili inahusu mdomo. Mdomoni kosa linapita na upepo, mwenzako anakuelewa kwa macho na mikono. Kwenye karatasi unabaki wewe na sentensi, ndiyo maana nimewaona watu wanaomwaga yai vikaoni wakiomba wengine wawaandikie nusu ukurasa. Na nimemwona fundi mmoja wa majokofu, asiyethubutu kusema Kiingereza mbele ya watu, akiandika maelezo ya kazi ambayo sikuwa na la kugusa. Alianza, aliniambia, kwa kuutafsiri mwongozo wa jokofu kwa Kiswahili ili aelewe, halafu akawa anaurudisha ili apime. Hakuna aliyemtajia Ascham.

Kila mwandishi ana magonjwa yake sugu, mawili au matatu, yanayorudi kama malaria. Mpwa wangu anayo "him" na "his". Nilimnunulia daftari dogo ayaandike humo, kila kosa pamoja na sentensi ya Kiswahili iliyolizaa. Mimi la kwangu ni "ingawa". Kwa Kiswahili nasema "ingawa anaumwa, lakini amekuja", na masikio yangu hayapati shida. Kiingereza kinataka "although" au "but", kimoja. Nalijua hilo tangu sekondari, nimewafundisha wengine.

Siku mbili kabla hajarudi shule alinikuta naandika barua kwa niaba ya mtaa, tukiomba shirika moja litusaidie kujenga kalavati. Masika yaliyopita maji yalikata njia yetu mara tatu. Nilikuwa nimefika mahali nikaridhika, nikamwachia karatasi aipitie wakati naenda kuchukua chai. Niliporudi alikuwa amepigia mstari maneno mawili kwenye aya ya pili: "Although the road is short, but two hundred families use it." Alama ya kosa hakuweka. Pembeni, kwa penseli, alikuwa ameandika: ingawa, lakini.